Twende Naye Hadi Mlangoni



Katika mwaka mmoja na nusu uliopita ofisi ya chama imepokea barua nne za kuachishwa kazi zenye sababu moja. Hazikuwa barua za wizi, wala za mgomo, wala za mtu kumjibu nyapara vibaya. Zote nne zilisema kwamba mfanyakazi fulani alifika kazini akiwa amelewa, au hakufika kabisa kwa ajili ya ulevi wa usiku uliotangulia. Wawili kati ya hao wanne walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka kumi na mitano mahali pamoja. Sisi tunaokaa katika ofisi hii twawajua, na wake zao twawajua.

Habari ya mmoja wao twaieleza hapa kwa ruhusa yake, bila kutaja jina lake, wala kazi yake, wala tajiri wake.

Alipoandikiwa barua mara ya kwanza tulimpigania. Tuliona upesi kwamba tajiri alikosea njia: hakumwita mtu wetu kumweleza kosa lake, wala hakumpa nafasi ya kuja na mjumbe wa chama, kama Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inavyotaka katika kifungu cha 41. Tukashika hapo hapo. Baada ya barua nyingi na vikao viwili akarudishwa kazini pamoja na mshahara wake wa mwezi na nusu. Tulifurahi sana. Na jioni ile tulikwenda kushangilia wapi? Tulikwenda baa iliyo ng'ambo ya barabara, sisi na yeye, na fedha tulitoa sisi.

Wiki sita baadaye alianguka karibu na mashine, saa mbili na nusu asubuhi. Mara hii tajiri hakukosea njia. Alimwita, akamwita na mjumbe wetu, akasoma kifungu cha 44 kinachosema kwamba mtu akilewa wakati wa kazi hata asiweze kuifanya ipasavyo, hilo ni kosa kubwa la kutosha kumwachisha mara moja. Mjumbe wetu alikuwa na kalamu na karatasi mkononi. Alirudi na karatasi nyeupe.

Tulipoketi baadaye kuitazama kazi yetu, hatukuona kosa katika barua tulizoandika. Kosa lilikuwa mahali pengine. Katika yote tuliyomwambia mtu huyu tangu siku ya kwanza, neno la pombe tulilisema mara moja tu: "Bwana, sasa uiache." Akajibu ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza ataiacha namna gani, atasaidiwa na nani, na jioni ya mwisho wa mwezi, wenzake wote wakielekea baa, yeye atakaa wapi.

Mwezi uliopita alikuja ofisini. Tulidhani amekuja kuuliza habari ya kazi yake. Hakuuliza. Alisema kwamba ana miezi kumi na mmoja hajagusa pombe, kwamba anafanya kibarua cha kupaka rangi nyumba, na kwamba kila wiki anahudhuria mkutano wa watu walioacha pombe au wanaotaka kuiacha. Lakini mkutano uko mbali, nauli inamla, na mtaani anawajua wengine watano wenye shida kama yake ambao hawawezi kufika huko. Akaomba chumba chetu cha mikutano, jioni moja kwa wiki.

Hilo ndilo ombi lililo mbele ya halmashauri yetu, na limewagawanya wajumbe. Wengine wasema kazi ya chama ni mshahara na saa za kazi, si kuuguza walevi. Wengine wasema tukifungua mlango huo, matajiri watacheka na kusema chama kizima ni cha walevi. Karatasi hii yaona chumba kitolewe. Lakini kwanza yafaa tueleze mkutano huo ni kitu gani, maana wengi wanaoupinga hawajawahi kuuona, na sisi wenyewe mpaka juzi tulikuwa hivyo hivyo.

Chanzo chake ni mji wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Mji ule ulikuwa wa viwanda vya matairi, na wanachama wanaopenda historia ya vyama watakumbuka kwamba mwaka uliofuata, 1936, wafanyakazi wa mpira wa Akron waliketi kando ya mashine zao wakakataa kutoka. Lakini mtu tunayemtaja hakuwa wa upande wao. Bill Wilson alikuwa mtu wa soko la hisa kutoka New York, aliyekuja kugombania mamlaka ya kampuni moja ya mashine za mpira, akashindwa. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache kunywa. Siku moja ya mwezi wa Mei alisimama katika ukumbi wa hoteli, shughuli imeharibika na mfuko karibu mtupu. Upande mmoja ilikuwapo baa yenye vicheko. Upande wa pili ilikuwapo simu, na orodha ya makanisa.

Alikwenda kwenye simu. Hakuwa akitafuta wa kumhubiria. Alikuwa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu alikuwa ameona jambo moja la ajabu: kila alipojaribu kumsaidia mlevi, hata kama yule hakusaidika, yeye mwenyewe alilala bila kunywa. Simu moja ikampeleka kwa mtu mwingine, mpaka akakutanishwa na daktari wa upasuaji wa mji ule, Bob Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kumaliza kazi yake. Daktari alikubali kwa shingo upande akasema atakaa dakika kumi na tano. Walikaa zaidi ya saa sita. Daktari alianguka tena mara moja; kisha tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ambacho watu hukiita AA tu. Leo vikundi vyake viko katika nchi zipatazo 180, na Kenya ni mojawapo.

Tumeirefusha habari hii kwa sababu twaona ina kitu cha kutufundisha sisi watu wa chama. Daktari Bob alikuwa na elimu yote ya madawa na haikumfaa kitu. Kilichomfaa ni kuketi na mtu aliyepitia alipopitia, ambaye hangeweza kudanganywa na ambaye hakuja kumhukumu. Vyama vya wafanyakazi navyo vilianza hivyo: watu wawili watatu wenye shida moja, katika chumba kimoja, mlango umefungwa.

Sasa ndani ya chumba kuna nini? Mwenzetu alitueleza, na yale tuliyosoma yaafikiana naye. Kuna viti. Mara nyingi kuna chai. Mkutano huchukua kama saa moja au moja na nusu. Mmoja wao huongoza, lakini hakuna mwenyekiti wa maisha, na kazi hiyo huzunguka. Husomwa maneno machache ya kufungua, kisha mtu hueleza maisha yake: alivyokuwa akinywa, yaliyompata, na anavyoishi sasa. Wengine hufuata, mmoja mmoja. Mtu akisema hakatizwi wala hajibiwi, na hakuna anayesimama kumwambia kwamba amekosea. (Twakiri kwamba mikutano yetu ya matawi ingeweza kuiga jambo hilo moja.) Mgeni haitwi mbele. Akitaka kusema, asema. Akitaka kunyamaza, anyamaze, hata mwezi mzima. Jina atoalo ni lile la kwanza tu, na hakuna anayemwuliza anafanya kazi wapi.

Hakuna ada ya kuingia wala kadi ya uanachama. Hupitishwa kikapu, atakaye hutia chochote kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni hatazamwi mkono. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Hawakusema kuwa ameacha, wamesema anataka. Kwa hiyo aliyekunywa jana aweza kwenda leo, na aliyeanguka baada ya miaka mitatu hurudi kwenye kiti kile kile bila kesi.

Wageni wengi hawajui kwamba mikutano ni ya namna mbili. Upo mkutano wa wazi, ambao mtu yeyote aweza kuingia kusikiliza: mke, kaka, mjumbe wa chama, hata mwandishi wa karatasi hii. Na upo wa faragha, ambao ni wa wale tu wenye shida ya pombe wanaotaka kuiacha. Mjumbe akitaka kumsindikiza mwenzake, aulize kwanza ni mkutano wa namna gani. Ukiwa wa wazi, aketi naye. Ukiwa wa faragha, amfikishe mlangoni, angoje nje au aende zake, na kesho asimwulize yaliyosemwa ndani.

Tumesema mlangoni kwa makusudi. Mwenzetu alitwambia kwamba alipita mbele ya lango lile wiki tatu mfululizo bila kuingia. Wiki ya kwanza alimwona jirani yake barabarani akajifanya anaelekea dukani. Wiki ya pili mvua ilinyesha, akashukuru kuwa amepata sababu. Wiki ya tatu alifika mpaka kwenye ngazi akasikia watu ndani wakicheka, akakasirika, maana alidhani watu wa namna hiyo hawana la kuchekea, akageuka akaenda kunywa. Wiki ya nne shemeji yake alimshika mkono. Ndiyo yote. Hakuna dawa mpya iliyopatikana kati ya wiki ya tatu na ya nne. Kulikuwa na mkono wa shemeji. Sisi tulio na wajumbe katika kila idara, wanaojua kupanda ngazi za tajiri bila kuogopa, tungeweza kuwa mkono huo mwaka mmoja mapema, naye angekuwa bado kazini.

Basi mtu akitaka kuupata mkutano afanyeje? Simu ya serikali ya kusaidia watu wenye shida ya pombe na madawa ya kulevya ni 1192, na haina malipo. Ni ya NACADA, shirika la taifa la kupambana na ulevi. Aweza kuuliza pia katika hospitali ya serikali penye kitengo cha magonjwa ya akili. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ina sehemu ya kutibu walevi, na Mombasa kuna kituo huko Miritini. Makanisa mengi hukodisha vyumba kwa vikundi hivi, na mlinzi wa lango mara nyingi ajua saa zao kuliko kasisi. Tangu mwaka 1935 simu ndiyo iliyofungua njia, na sasa simu zetu zimezidi: tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 vikundi vingi hufanya mikutano kwa njia ya simu na intaneti, na mtu wa zamu ya usiku aweza kuketi chumbani mwake saa nne asubuhi na kusikiliza watu wa nchi nyingine. Hilo ni msaada mkubwa kwa walio mbali, ingawa mwenzetu asema halikumfaa sana mwanzoni, kwa sababu alikuwa akizima simu pale pale mambo yalipomkaribia.

Kabla ya kupoteza nauli, piga simu uhakikishe siku na saa, maana vikundi huhama. Fika mapema kidogo, kabla watu hawajaketi, ili usiingie macho yote yakigeuka. Na kama kikundi cha kwanza hakikukupendeza, usiseme umejaribu ukashindwa. Vikundi havifanani. Kimoja kina wazee watupu, kingine vijana, kingine Kiingereza kingi mno. Jaribu cha pili na cha tatu. Wazoefu humshauri mgeni ahudhurie mikutano tisini katika siku tisini; kwa mfanyakazi wa zamu, penye kikundi kimoja mji mzima, ushauri huo ni mgumu, lakini maana yake ni wazi: miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye miiba, basi asiipite peke yake. Ndiyo maana pia mgeni hushauriwa amtafute mmoja wa wakongwe, kwa kawaida mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, awe wa kumpigia simu saa ile kiu inapokuja.

Hapa twatoa onyo, na mjumbe yeyote atakayelisahau atakuwa amefanya kosa kubwa kuliko la tajiri. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache kwa ghafla bila kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja waweza kutetemeka, kupata kifafa, na siku ya pili au ya tatu hata kuona na kusikia vitu visivyokuwapo. Watu hufa kwa hali hiyo. Wapo waliofungiwa nyumbani na jamaa zao kwa nia njema, "mpaka pombe imtoke," wakapata maafa. Huyo aanze hospitali, kisha mkutano. Na akipewa vidonge na daktari, asiviache kwa kuwa mtu fulani mkutanoni amemwambia aviache. Watu wa mkutano si madaktari, na wenyewe wanajua.

Sasa twarudi kwa wale wanaopinga.

Wasema ulevi ni tabia mbaya ya mtu binafsi. Tusijisahau. Wazee wetu wametusimulia jinsi Halmashauri ya Mji wa Nairobi, katika miaka ya 1920, ilivyojifanya mpishi pekee wa pombe ya Mwafrika, ikaiuza katika kilabu chake Pumwani, na faida yake ikatumiwa kwa mambo yaliyoitwa ya hali njema ya Waafrika. Yaani tulifanyiwa wema kwa fedha za ulevi wetu wenyewe. Kinywaji cha chupa kilikuwa cha wengine mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hata kukiagiza kukawa alama ya kuwa mtu kamili. Siku zetu hizi, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa ile ile king'ora chetu kinapolia. Na aliyeishiwa huenda kwa kile cha bei rahisi, ambacho Novemba 2000 kiliua watu zaidi ya mia moja katika mitaa ya maskini ya Nairobi kwa kuchanganywa na methanoli, na kupofusha wengine, na Mei 2014 kikaua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Waliokufa walikuwa vibarua, wachuuzi, watu wa mshahara mdogo. Mtu atakayesema kwamba hilo haliwahusu wafanyakazi na atueleze basi lawahusu akina nani.

Wasema jambo hili ni la dini. Ni kweli kwamba hatua kumi na mbili wanazozifuata zamtaja Mungu, kadiri kila mtu amwelewavyo, na mikutano mingi hufungwa kwa dua fupi. Lakini kikundi si cha dhehebu lolote. Mwenzetu alituambia kwamba katika kikundi chake wamo Waislamu wawili, na mzee mmoja asiyesali popote, ambaye wakati wa dua hutazama dirishani.

Wasema haifai kitu, ni maneno tu. Mwaka 2020 wataalamu watatu walikusanya uchunguzi 27 uliofanywa juu ya watu zaidi ya elfu kumi, wengi wao Marekani, wakaona kwamba matibabu yanayomwongoza mtu kwenye mikutano hii hayakushindwa na matibabu mengine, na kwa wale walioacha pombe kabisa kwa mwaka mzima yaliyashinda. Hawakusema kwamba wote hupona. Wengi huanguka, na wengine hawarudi. Sisi hatuahidi kitu. Twasema tu kwamba njia hii ipo na haina malipo, na wanachama wetu wafukuzwa kazi bila kuijua.

Wasema, mwisho, kwamba tajiri atatumia mkutano kuwakamata watu. Hili ndilo neno zito kuliko yote, na wenye kulisema wana haki ya kuogopa. Tumeshaona tajiri mmoja akitaka mfanyakazi alete karatasi yenye muhuri kila wiki kuonyesha kwamba amehudhuria. Sisi twasema hivi. Mkutano hauna daftari la majina, na ukianza kuwa nalo hakuna atakayekuja. Tajiri akitaka uthibitisho, aupate kwa daktari au mshauri wa hospitali, kama anavyoupata kwa mtu mwenye kifua kikuu. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 wasema shida za pombe zihesabiwe kuwa shida za afya, na siri ya mfanyakazi itunzwe. Sheria yetu ya kazi yampa mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, siku zisizopungua saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka. Mtu aliyelazwa ili atolewe pombe mwilini ni mgonjwa, na cheti chake ni cheti.

Katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja tutataka kifungu kiandikwe: mfanyakazi atakayejitokeza mwenyewe kabla ya kosa apelekwe kutibiwa bila kupoteza nafasi yake, na abadilishiwe zamu jioni moja kwa wiki. Hatutaomba kwamba mlevi aachwe aendeshe mashine. Aliye karibu na mkono wa mwenzake huku akiyumba ni hatari kwetu kabla ya kuwa hasara kwa tajiri, na mjumbe anayemficha kwenye stoo mpaka apate nafuu hamsaidii. Tulifanya hivyo miaka mingi tukauita udugu.

Neno kwa akina mama. Wanachama wetu wanawake wanaokunywa hujificha zaidi, kwa sababu mume mlevi huonewa huruma na mke mlevi hufukuzwa. Mahali pengine vipo vikundi vya wanawake peke yao, ulizeni. Na wale ambao hawanywi bali wanaishi na mnywaji wana chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951, mmoja wa waanzilishi akiwa Lois, mke wa yule Bill Wilson. Huko hawafundishwi namna ya kumwachisha mume pombe. Wajifunza namna ya kuishi wao wenyewe, anywe au asinywe. Tulipolisikia hilo tulidhani ni ukatili. Mke wa mwenzetu alitucheka.

Juu ya chumba, basi. Halmashauri ilikuwa tayari kujadili kama kitolewe bure. Mwenzetu alikataa. Kwa desturi zao, walizozikubali katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1950, vikundi hujilipia wenyewe, havipokei ufadhili wa nje, wala havikopeshi jina lao kwa chama chochote, hata chetu. Kwa hiyo kitakuwa kikundi chao katika chumba chetu, na hakitatangazwa kuwa mradi wa chama, wala katibu mkuu hatakwenda kukifungua kwa hotuba. Watalipa kodi ile ile inayolipwa na watu wa chama cha mazishi. Twapendekeza iwe Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa siku hiyo hakuna kikao chochote na duka la pombe la jirani halina muziki.

Halmashauri itakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mwenye neno la kupinga au kuunga mkono alipeleke kwa mjumbe wake kabla ya siku hiyo. Mlango wa nyuma unaotazama uchochoro, ambao ufunguo wake ulipotea zamani, umetiwa kitasa kipya, ili anayekuja asilazimike kupita mbele ya ofisi. Na mlinzi ameulizwa kama aweza, jioni hiyo moja, kukiacha kile kitabu cha wageni ndani ya droo. Amesema aweza.